Uvimbe Usiokufa Njaa

Februari 2004, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliidhinisha bevacizumab, dawa inayouzwa kwa jina la Avastin, itumike kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa. Jaribio lililoipatia kibali lilikuwa na wagonjwa 813. Miongoni mwa waliopewa tibakemikali peke yake, nusu walikuwa wameshafariki kufikia mwezi wa 15.6, kwa walioongezewa bevacizumab, nusu hiyo ilifikiwa mwezi wa 20.3. Tofauti ni miezi 4.7. Kuifikia kulichukua zaidi ya miaka 32, tangu wazo lake lilipotangazwa kwa mara ya kwanza, na wazo lenyewe ni jepesi kiasi kwamba hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kulieleza: uvimbe unalishwa na damu, basi ukikatiwa damu utakufa.

Kwamba uvimbe unahitaji damu, hilo halina ubishi tena. Linalotaka kuchambuliwa ni kwa nini ukweli ulionyooka namna hiyo ulizaa matunda machache kuliko yaliyoahidiwa, na kwa nini dawa zake hata hivyo hazikutupwa, zikaenea kwenye saratani za figo, ini na shingo ya kizazi, mpaka kwenye kliniki za macho. Nionavyo mimi, maswali hayo mawili yana jibu moja: dawa hizi zimefaa zaidi pale ambapo madaktari hawakutegemea njaa peke yake iue.

Tuanze na njaa yenyewe. Oksijeni ikitoka kwenye kapilari haifiki mbali. Hupenya maikromita 100 hadi 200 tu, yaani sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Mwaka 1955 watafiti wawili wa mionzi nchini Uingereza, Thomlinson na Gray, walichunguza vipande vya saratani ya mapafu kwa hadubini wakakuta utepe wa seli hai karibu na mishipa ya damu, na ng'ambo ya utepe huo seli zilizokufa. Upana wa utepe ulilingana na umbali ambao oksijeni inaweza kusafiri. Kwa hiyo kijiuvimbe kisicho na mishipa yake kina kikomo: kikifika milimita moja au mbili, seli za katikati zinakufa kwa kasi ileile ambayo za pembeni zinazaliwa.

Mtu aliyekiona kikomo hicho kwa macho yake ni Judah Folkman, daktari kijana wa upasuaji, mwana wa rabi wa Ohio, aliyekuwa akitumikia jeshi la wanamaji huko Bethesda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi aliyopewa ilihusu kutafuta kimiminika cha kushika nafasi ya damu. Yeye na mwenzake Frederick Becker walitoa tezi za thairoidi za wanyama, wakaziweka hai kwenye chupa kwa kuzipitishia maji yenye hemoglobini, kisha wakazipandikiza seli za saratani. Seli zikaota, zikafika ukubwa wa kichwa cha pini, zikasimama. Hazikuwa zimekufa, maana vijivimbe vilevile vilipohamishiwa kwenye panya hai viliota mishipa na kuvimba hadi kumuua mnyama. Ndani ya chupa kilichokosekana kilikuwa mishipa mipya.

Folkman alikwenda Boston, na mwaka 1967, akiwa na miaka 34, akawa mkuu wa upasuaji wa hospitali ya watoto ya mji huo. Tarehe 18 Novemba 1971 alichapisha katika jarida la madaktari la New England makala yenye madai mawili. La kwanza, uvimbe unatoa kemikali inayoita mishipa. La pili, kuizuia kemikali hiyo kungeugandisha uvimbe ukiwa mdogo. Wataalamu wengi walimcheka. Kwao, mishipa iliyojaa kwenye uvimbe ilikuwa ni mwitikio wa kawaida wa jeraha, mwili ukijibu seli zinazokufa. Wapo waliosikitika kwamba daktari hodari wa upasuaji alikuwa anapoteza muda maabara. Haikuwa chuki tu: Folkman alikuwa na dai bila kemikali, na kemikali ilichukua zaidi ya miaka kumi kupatikana.

Ilipopatikana, ilipatikana mara mbili na watu wasiojua kwamba wanatafuta kitu kimoja. Mwaka 1983 Donald Senger na Harold Dvorak wa Boston walitangaza protini ya uvimbe inayoifanya mishipa ivuje. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara wa kampuni ya Genentech, California, alitangaza protini inayozifanya seli za ukuta wa ndani wa mishipa ziongezeke, akaiita VEGF. Ikaja kujulikana kwamba ni protini ileile. Katika hilo kuna fumbo ambalo watu hawakulipa uzito wa kutosha wakati ule: kinachoita mishipa ndicho kinachoitoboa.

Leo mnyororo wenyewe unafahamika vizuri. Kila seli ina protini ya HIF ambayo oksijeni ikiwapo huharibiwa mara tu inapotengenezwa. Oksijeni ikipungua, HIF inabaki, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kadhaa, ikiwamo ya VEGF. Kugundua jinsi seli inavyohisi oksijeni kuliwapa William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza tuzo ya Nobel ya mwaka 2019. VEGF ikiufikia mshipa wa jirani, seli moja ya ukuta wake hutangulia, ikayeyusha utando unaoizunguka na kunyoosha vidole vyembamba kuelekea VEGF inakotoka. Hiyo iliyotangulia inazipelekea jirani zake ishara ya kuzizuia nazo zisitangulie. Zinafuata nyuma na kujipanga kuwa bomba. Kwenye kidonda au ndani ya tumbo la uzazi, kazi ikiisha ishara huzimwa, seli za kushikiza huja kuukumbatia mshipa mpya kwa nje, na damu inapita.

Kwenye uvimbe ishara haizimwi. Dvorak aliandika mwaka 1986 kwamba uvimbe ni kidonda kisichopona, na mishipa yake inamuunga mkono. Ni mtaa uliojiunganishia maji kinyemela: mabomba yanapita ovyo, mengine hayana mwisho, kila kiungo kinavuja, na nyumba ya mwisho haipati tone huku uchochoro umejaa tope. Damu huenda, husimama, mara nyingine hurudi ilikotoka. Maji yanayovuja huongeza mgandamizo ndani ya uvimbe, na mgandamizo huo unaisukuma nje hata dawa iliyokuja kuutibu. Hivyo uvimbe una mishipa mingi na bado una kiu ya oksijeni, jambo ambalo picha ya uvimbe uliolishwa vizuri hairuhusu tulione.

Kabla ya majaribio kwa binadamu kutoa majibu, dunia ilipandwa na wazimu kidogo. Maabara ya Folkman ilikuwa imegundua protini mbili za asili, angiostatin mwaka 1994 na endostatin mwaka 1997, zilizosinyaza vimbe kwenye panya. Jumapili ya tarehe 3 Mei 1998 New York Times iliiweka habari hiyo ukurasa wa mbele. James Watson, mmoja wa wagunduzi wa umbo la DNA, alinukuliwa akitabiri kwamba Folkman angeiponya saratani ndani ya miaka miwili. Baadaye alikana kusema hivyo. Hisa za EntreMed, kampuni ndogo iliyokuwa na haki za dawa hizo, zilikuwa zikiuzwa kwa takriban dola 12. Jumatatu zilipanda hadi zaidi ya dola 80 kabla ya kushuka. Folkman mwenyewe alikuwa akiwakumbusha watu kwamba wagonjwa aliokuwa na uhakika wa kuwatibu ni panya. Endostatin ilipojaribiwa kwa watu Marekani haikuwadhuru, wala haikuwasaidia kwa kiasi cha kuonekana. China iliidhinisha toleo lililorekebishwa mwaka 2005 kwa saratani ya mapafu, kwingineko imesahaulika.

Iliyofika sokoni ilipita njia ya Ferrara. Mwaka 1993 alionyesha kwamba kingamwili inayoinasa VEGF hupunguza ukuaji wa vimbe kwenye panya, na kingamwili hiyo, ikiwa imerekebishwa ifanane na ya binadamu, ndiyo bevacizumab. Zikafuata dawa za vidonge zinazozima vipokezi vya VEGF kutokea ndani ya seli, sorafenib mwaka 2005 na sunitinib mwaka 2006, zote zikiidhinishwa kwa saratani ya figo.

Kwenye matiti ndipo pazia lilipofunguka. Februari 2008 FDA iliruhusu bevacizumab kwa saratani ya matiti iliyosambaa, kibali cha haraka kilichotegemea jaribio moja: pamoja na tibakemikali ya paclitaxel, ugonjwa ulitulia kwa miezi 11.8 badala ya 5.9. Mara mbili! Lakini waliopewa dawa hawakuishi muda mrefu kuliko wenzao kwa kiwango cha kuaminika. Majaribio yaliyofuata yalitoa nafuu ndogo zaidi ya kutulia kwa ugonjwa, na kuhusu uhai yakakuta hakuna tofauti. Dawa ilikuwa ikigharimu karibu dola 90,000 kwa mwaka, na iliwaletea baadhi ya wagonjwa shinikizo la damu, kutokwa damu na matumbo kutoboka. Juni 2011 kulifanyika kikao cha wazi ambamo wanawake walioamini kwamba dawa hiyo ndiyo iliyowaweka hai walisimama na kuitetea. Tarehe 18 Novemba 2011 mkuu wa FDA, Margaret Hamburg, alikifuta kibali hicho. Ilikuwa miaka 40 kamili, siku kwa siku, tangu makala ya Folkman, ambaye hakuwapo kuona. Alifariki Januari 2008 kwenye uwanja wa ndege wa Denver.

Naiona hukumu ya Hamburg kuwa ya haki, ingawa sidhani wanawake wale walikuwa wakijidanganya. Inawezekana kabisa wachache kati yao walinufaika sana. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeweza kuwatambua mapema, na tutaona kwamba mpaka leo hakuna.

Ubongo ulitoa somo jingine, la hila zaidi. Glioblastoma ni uvimbe wa ubongo wenye mishipa mingi na VEGF ya kupindukia. Kama nadharia ya njaa ingefanya kazi popote, ingekuwa hapo. Mwaka 2009 FDA iliiruhusu bevacizumab kwa uvimbe uliorudi, kwa kuwa picha za MRI zilionyesha nafuu ya kushangaza. Sasa fikiri picha hiyo inavyopigwa. Mgonjwa hudungwa dawa ya kung'arisha, nayo hung'aa pale inapovuja kutoka kwenye mishipa mibovu. Ukiizima VEGF, mishipa inaacha kuvuja ndani ya siku chache, na mng'ao unapotea hata kama seli za saratani ziko palepale. Majaribio makubwa mawili yaliyochapishwa mwaka 2014 yalithibitisha: wagonjwa wapya walioongezewa dawa hii hawakuishi zaidi. Mgonjwa hupata kitu, tena si kidogo: uvimbe wa maji kwenye ubongo hupungua, naye anahitaji steroidi pungufu. Hilo ni tulizo. Mamlaka za Ulaya zilikataa kuiidhinisha kwa kazi hiyo.

Kipigo kikubwa zaidi kwa nadharia, kwa hesabu yangu, hakikutoka kwenye ugonjwa uliokwisha kusambaa. Folkman alisema uvimbe ushikwe ukiwa mdogo. Basi mahali pake halali ni baada ya upasuaji, pale ambapo vijiuvimbe visivyoonekana vimebaki na bado havijajijengea mishipa. Majaribio mawili ya utumbo mpana, kila moja likiwa na maelfu ya wagonjwa waliokwisha kufanyiwa upasuaji, yaliliuliza swali hilo. Yote mawili yalijibu hapana, na moja lilionyesha dalili kwamba walioongezewa dawa walifanya vibaya zaidi. Wazo lilijaribiwa kwenye uwanja wake wenyewe, likashindwa.

Kwa nini? Sababu ziko nyingi, nazo zinashikana. Uvimbe una njia mbadala: VEGF ikizibwa, protini nyingine, hasa za kundi la FGF, huchukua zamu, kama Oriol Casanovas na wenzake walivyoonyesha kwenye panya mwaka 2005. Pia si kila uvimbe unajenga mishipa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa patholojia walionyesha kwamba kwenye mapafu na ubongo seli za saratani zinaweza kutambaa kando ya mishipa iliyokuwapo tangu mgonjwa akiwa mzima na kunyonya humo. Kijivimbe kinachoishi hivyo dawa ya kuzuia mishipa mipya haikigusi. Hiyo ni sababu nzuri ya kueleza kushindwa baada ya upasuaji. Na kuna iliyo chungu: mwaka 2009 timu mbili zilichapisha katika toleo moja la jarida Cancer Cell matokeo ya panya ambamo kukatwa kwa damu kulizifanya seli za saratani ziwe wavamizi zaidi. Ni jambo linaloeleweka ukirudi kwenye HIF. Upungufu wa oksijeni ndio unaoiwasha, na HIF haiiti damu tu. Inawasha pia jeni za kuhama.

Rakesh Jain, mhandisi wa kemikali aliyezaliwa India na kuhamia Boston, alikuwa ameligeuza swali lote mwaka 2001. Kama njaa inaua uvimbe, aliuliza, mbona dawa za kuzuia mishipa zinafanya kazi zikichanganywa na tibakemikali, ambayo inafika kwenye uvimbe kwa njia ya mishipa ileile tunayodai kuifunga? Jibu lake: kipimo cha wastani hakiui mishipa, kinaitengeneza. VEGF ikipunguzwa, vichipukizi dhaifu vinakufa, vilivyobaki vinanyooka na kushikizwa, mgandamizo unashuka, damu inapita, na dawa pamoja na oksijeni vinaingia. Hali hiyo hudumu siku au wiki kadhaa, kisha mlango unafungwa. Ukizidisha dozi unaufunga mapema. Si kila mtu anakubali kwamba hilo linaeleza kila nafuu inayoonekana kwa wagonjwa, na kulipima ndani ya mtu ni kazi ngumu. Lakini lilibadilisha namna ya kufikiri. Kabla yake mafanikio yalipimwa kwa idadi ya mishipa iliyokufa.

Figo ni hadithi ya peke yake. Katika aina ya kawaida ya saratani ya figo, jeni iitwayo VHL imeharibika, na VHL ndiyo inayoipeleka HIF kuharibiwa. Bila hiyo seli inaishi kama vile haina oksijeni hata ikiogelea katika damu, inamwaga VEGF usiku na mchana. Hapo njia moja ndiyo inayobeba mzigo wote, na kuikata kunauma kweli: sunitinib iliongeza muda wa ugonjwa kutulia kutoka miezi 5 hadi 11. Mwaka 2021 ilikuja belzutifan, inayozuia aina mojawapo ya HIF yenyewe, kwanza kwa watu waliorithi kasoro ya VHL. Ukitafuta mahali ambapo biolojia na dawa zimekutana ana kwa ana, ni hapa.

Ini linatuhusu Waafrika zaidi, kwa sababu ya virusi vya homa ya ini aina ya B na sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga. Ini lenye afya hupata damu yake nyingi kupitia mshipa mkubwa utokao matumboni, lakini uvimbe wake hunywa kutoka kwenye ateri. Madaktari walitumia tofauti hiyo tangu zamani kwa kuziba ateri inayolisha uvimbe na kumimina dawa humo, na mwaka 2002 majaribio mawili yalithibitisha kwamba huongeza maisha ya wagonjwa waliochaguliwa vizuri. Ndiyo njaa halisi, ya mikono. Mwaka 2007 sorafenib ikawa dawa ya kwanza ya kumeza kurefusha maisha ya mgonjwa wa ini, kutoka miezi 7.9 hadi 10.7.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2020. Jaribio la wagonjwa 501 lilichanganya bevacizumab na atezolizumab, dawa inayoondoa breki kwenye kinga ya mwili. Baada ya mwaka mmoja asilimia 67.2 walikuwa hai, dhidi ya asilimia 54.6 ya waliopewa sorafenib. Hapa bevacizumab ilikuwa ikifanya kazi ambayo Folkman hakuiwaza mwaka 1971. VEGF huzizuia seli za kinga zisikomae na huifanya mishipa ya uvimbe isiwashike askari wa mwili wanaopita. Kuizima ni kuwafungulia njia. Mchanganyiko wa namna hiyo sasa ni matibabu ya kawaida ya figo pia. Kampuni ya Kichina ya Akeso imeunganisha kazi zote mbili katika molekuli moja, ivonescimab, na mwaka 2024 ilitangaza kwamba kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu nchini China ugonjwa ulitulia kwa miezi 11.1 dhidi ya 5.8 ya pembrolizumab, dawa nyingine ya kuondoa breki za kinga. Ukiyakumbuka ya matiti, utataka kuona takwimu za uhai kabla ya kupiga vigelegele.

Mchanganyiko wa bevacizumab na atezolizumab una sharti ambalo Kanda ya Ziwa italitambua. Kabla ya kudungwa bevacizumab, mgonjwa wa ini lazima achunguzwe umio kwa kamera, kwa kuwa mishipa iliyovimba huko inaweza kupasuka. Mishipa ya aina hiyo inatokana na ini lililokakamaa, na pia na kichocho cha matumbo, ugonjwa uliozagaa kando ya Ziwa Victoria. Hospitali isiyo na kamera hiyo haina pa kuanzia.

Madhara ya dawa hizi yanafundisha kuliko yanavyotisha. Mgonjwa anapata shinikizo la damu na protini kwenye mkojo. Mkunga yeyote akisikia hayo mawili pamoja anajua jina lake: dalili za kifafa cha mimba. Mfanano huo una sababu. Mwaka 2003 Ananth Karumanchi na wenzake, wa Boston vilevile, walionyesha kwamba kondo la mama mwenye tatizo hilo humwaga kwenye damu kipande cha kipokezi cha VEGF ambacho kinainasa kabla haijafika kwenye mishipa na figo za mama. Kondo limetengeneza, kwa bahati mbaya, kitu kinachofanya kazi kama bevacizumab. Maana yake mtu mzima naye anaihitaji VEGF kila siku, kutunza mishipa yake na kichujio cha figo. Matumaini ya miaka ya 1970, kwamba dawa ya mishipa isingegusa mwili mzima kwa kuwa mtu mzima haoti mishipa, yalikuwa nusu kweli.

Kwa wanawake wa Afrika Mashariki swali linalobana ni shingo ya kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Jaribio la wanawake 452 huko Marekani na Hispania lilionyesha mwaka 2014 kwamba bevacizumab juu ya tibakemikali iliongeza maisha kutoka miezi 13.3 hadi 17. Lakini asilimia 8.3 ya waliopewa dawa walipata fistula kati ya utumbo na uke, dhidi ya 0.9 ya wenzao, na wote waliopatwa walikuwa wamewahi kupigwa mionzi ya nyonga. Ndio hasa wagonjwa wetu: wengi huja wamechelewa na mionzi ndiyo tiba yao kuu. Kumpa mwanamke karibu miezi minne na hatari ya fistula, katika jamii zinazojua fistula inavyomtenga mtu, ni uamuzi wa kuzungumza naye kwa kirefu. Matoleo ya bei nafuu zaidi, yaliyoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2017, hayaliondoi swali hilo. Na fedha ileile ikinunua chanjo ya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, chanjo ambayo Rwanda iliianza kitaifa mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2018, hesabu haina mjadala.

Sarakoma ya Kaposi ingestahili kuwa ushindi wa nadharia hii. Ilijulikana Uganda na mashariki ya Kongo kabla ya UKIMWI. Kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1994. Seli zake zenyewe ni za jamii ya ukuta wa mishipa, na kirusi huzichochea kutoa VEGF. Bevacizumab ilipojaribiwa kwa wagonjwa 17 Marekani, takriban thuluthi tu walipata nafuu ya kupimika. Jaribio lililohusisha Kenya, Uganda, Malawi na nchi nyingine tatu, lililochapishwa mwaka 2020, lilikuta kwamba kinachofaa zaidi pamoja na dawa za VVU ni paclitaxel, dawa ya zamani.

Mahali ambapo bevacizumab imebadilisha maisha ya watu wengi kwa bei ndogo ni ndani ya jicho. Kisukari huharibu kapilari za retina, retina inakosa oksijeni, VEGF inamwagika, mishipa mibovu inaota, inavuja, mtu anapofuka. Genentech ilitengeneza dawa maalumu ya macho, ranibizumab, lakini madaktari walikuwa wameshaanza kugawa chupa ya Avastin ya saratani katika dozi ndogondogo. Jaribio lililogharimiwa na serikali ya Marekani lilionyesha mwaka 2011 kwamba, kwa ugonjwa wa retina wa uzeeni, dawa hizo mbili zinalingana. Moja ilikuwa takriban dola 50 kwa sindano, nyingine 2,000. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliiweka bevacizumab kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa ajili ya macho. Inafaa huko kwa sababu jicho halina seli zinazobadilika tabia ili kuikwepa dawa. Kuzuia kuvuja kunatosha.

Kwenye saratani kinachokosekana ni kipimo cha kumtambua anayenufaika. Watafiti waliwahi kufikiri kiwango cha VEGF kwenye damu kingetosha; jaribio lililoundwa mahususi kulithibitisha hilo kwa wagonjwa wa matiti, lililochapishwa mwaka 2017, lilikikataa. Kupanda kwa shinikizo la damu nako kulitazamwa kama ishara njema, kisha majaribio yakatofautiana. Kwa hiyo leo, mgonjwa anapoketi kusubiri dripu, muuguzi anampima presha, anachunguza protini kwenye mkojo, anauliza kama alifanyiwa upasuaji mwezi uliopita na kama kidonda kimekauka. Vyote hivyo vinamwambia daktari ni nani anaweza kudhurika. Cha kumwambia ni nani atasaidika bado kinatafutwa.